Koo Likilala

Baba,

Nianze na farasi, kwa sababu najua wewe ungeanza hapo. Hata ulipolazwa hospitali, ulimi mzito na mkono wa kulia umekufa, neno la kwanza lililotoka kinywani mwako likaeleweka halikuwa jina la Mama wala langu. Ulisema, "Pendo." Mama alinuna siku nzima kwa ajili ya farasi jike. Basi habari za Pendo ndizo hizi: Jumanne alianguka, na hakuweza kuinuka.

Usishtuke kwanza, nisikilize hadi mwisho. Wewe ndiye ulinifundisha kwamba ukieleza ugonjwa wa mnyama kwa kurukaruka, daktari hupotea njia.

Ni miezi minne tangu tukusafirishe nyumbani Bungoma tukakuzike. Madam alinipa kazi yako wiki mbili baada ya matanga. Sasa saisi mkuu wa farasi wake ni mimi Naliaka, na wazee wanaopita barabarani husimama kunitazama kana kwamba nimepanda simba. Kiprono, mwenzako wa miaka yote, bado yupo, bado anachelewa na bado anasingizia boda boda. Navaa koti lako la mvua. Mikono yake imenizidi, nimeikunja mara mbili. Wiki ya kwanza farasi walikuwa wakilinusa, kisha wananitazama usoni, kisha wanageuka. Iliniuma, sitakuficha.

Ziwa limepanda tena. Limemeza uzio wa chini na ile migunga uliyokuwa ukianikia blanketi za farasi. Madam akahamishia malisho juu, kwenye vichaka vya leleshwa, wanakopita pofu na nyati. Wewe ungekataa. Ungemwambia huko juu ni nyumbani kwa kupe, naye angekusikia, maana alikuwa akikusikia kuliko alivyomsikia mumewe. Mimi niliona hatari hiyo kwa macho yangu, nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa mgeni kazini. Iweke hiyo kando kwanza. Si mara yangu ya kwanza kunyamaza mwaka huu.

Jumatatu Pendo alijikwaa akishuka kutoka malishoni. Alikuwa anaburuta ncha za kwato za nyuma. Nikamwinua miguu, nikachokoa kwato, nikatafuta jiwe, nisilione. Mchana alipowaita wenzake sauti ilitoka na mkwaruzo, kama mtu aliyeamka na mafua. Niliisikia vizuri kabisa, nikaendelea kupangusa hatamu. Wewe ungeacha kila kitu palepale. Farasi akilegea kuanzia nyuma, sauti ikabadilika, na mwili hauna homa, ulikuwa ukituambia, msitafute mchawi, tafuteni kupe. Nililijua hilo tangu utotoni na bado nilipoteza nusu siku nikitafuta jiwe.

Jumanne asubuhi nilimkuta amelala kando ya tangi la maji. Macho yalikuwa wazi, masikio yanacheza, ananijua. Mwili tu ndio uliomkataa. Mdomoni alikuwa na shada la nyasi, nusu ndani nusu nje, halijatafunwa, na mate yanachuruzika juu yake. Miguu iliyolegea haikunitisha sana. Nyasi zile ndizo zilinitisha.

Kiprono akaja mbio na chupa. Unawajua watu wa kwao huko Molo, na si wao tu, wafugaji wote ninaowafahamu ni hivyo: mnyama akilala, hunyweshwa. Mafuta ya kupikia, maji ya magadi, soda, chochote kinachopita kwenye shingo ya chupa.

"Tumbo imefunga, Nali," akasema. "Shika kichwa juu, nimwagie hii mafuta."

Baba, nilipiga kelele. "Usimwage kitu kwa mdomo wake! Weka chini! Kiprono, weka hiyo kitu chini, nimesema!"

Watalii wawili waliokuwa wakisubiri kupanda walirudi nyuma. Madam alitoka jikoni. Kiprono alibaki ameinua chupa hewani, mtu mzima. "Sasa mbona unanifokea hivyo mbele ya watu?" akasema. "Mimi nataka kusaidia tu." Na ni kweli, alitaka kusaidia tu.

Unamkumbuka ndama wa yule mama aliyefuga nyuma ya ploti yetu hapa Karagita? Nilikuwa darasa la saba. Alikuja kukuita akilia, tukaenda wote wawili. Ndama alikuwa amelegea vilevile, na yule mama alikuwa amemnywesha maziwa kwa chupa tangu jana yake. Ulimpapasa, ukamkuta kupe nyuma ya sikio, ukamng'oa, na majirani wakapiga makofi. Wewe hukucheka. Ulinishika kichwa ukakilaza sikio langu kwenye mbavu za ndama. Nikasikia kitu kinatokota humo ndani, kama sufuria ya uji jikoni.

"Hayo ni maziwa," ukaninong'oneza. "Kupe huyu hulaza miguu, kisha hulaza koo. Koo likilala, usimimine kitu. Hakiendi tumboni, kinaingia kwenye mapafu." Ukasema kupe tumemtoa na miguu ingerudi, lakini ndama angekufa kwa maziwa ya mamake. Alikufa Ijumaa.

Basi nikajua la kufanya. Nilifumba macho, kama ulivyonifundisha. Vidole vina macho, ulikuwa ukisema, na ulipapasa farasi mzima namna hiyo, umefumba macho unaimba wimbo wa kanisani kwa puani, hadi Madam akadhani unawaombea. Nilianza na masikio, nikakuta wadogo wengi. Nikashuka chini ya taya, kwapani, kinenani, kisha chini ya mkia, pale ngozi haina manyoya. Hapo walikuwa wawili walioshiba, kila mmoja na ukubwa wa punje ya maharagwe.

"Ndio hao, basi," Kiprono akasema. Alikuwa bado amenuna.

Nikamwambia bado. Sheria yako ni kwamba ukimpata mmoja, unaanza upya kutoka kichwani. Nikaanza upya. Aliyekuwa mkubwa kuliko wote nilimkuta kwenye mzizi wa singa za shingoni, chini ya msuko. Msuko huo niliusuka mimi mwenyewe Jumapili, ili watalii wapige picha. Vidole vyangu vilipita juu yake nikadhani ni kigaga. Nilisuka juu ya kupe, Baba. Ungenitukana kwa Kibukusu mpaka nyani wakimbie.

Niliwatoa kwa kibano cha nyusi cha Madam, karibu kabisa na ngozi, nikivuta wima bila kuminya tumbo, maana ukimminya anatapika sumu yake yote ndani. Hakuna mafuta ya taa, hakuna njiti ya moto. Kiprono akaleta ile dawa ya kuogeshea ng'ombe, nikamzuia tena, maana nyingine za ng'ombe husimamisha matumbo ya farasi. Maskini Kiprono, siku hiyo kila alichoshika kilikuwa kosa. Kupe niliwatia kwenye chupa ndogo.

Daktari alifika kutoka Nakuru kabla ya saa sita. Ni yule mama mrefu uliyempenda kwa sababu hafichi mambo. Alipima homa, hakuna. Akatazama fizi, akatazama juu ya macho kama pamevimba, akabonyeza misuli ya matako kama imekuwa migumu, akauliza mkojo una rangi gani. Kila ugonjwa aliokuwa akiuwazia, aliuondoa. Mwisho akaishika chupa ya kupe akaielekeza kwenye mwanga.

"Nani aliwatoa?"

"Mimi."

"Na mdomoni mmempa nini?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, daktari."

Akashusha pumzi. "Basi ako na nafasi."

Alimnyoa sehemu zenye manyoya mazito kutafuta wengine, akampaka dawa inayofaa farasi, akamtundikia dripu shingoni. Macho akayatia marhamu kwa kuwa kope hazikuwa zikifunga sawasawa. Akatuagiza tumkalishe kifudifudi, tumwegemeze kwa marobota ya nyasi kavu pande zote mbili, na tumgeuze kila baada ya saa mbili ili pafu moja lisilemewe. Kisha akanivuta kando, akaniambia sumu haitoki siku hiyohiyo, kwamba anaweza kuzidiwa kabla hajapata nafuu, na kwamba ikifika kwenye misuli ya kupumua, mashine ya kumpumulisha farasi hatuna.

Jioni alizidiwa. Pumzi zikawa fupi fupi. Nikapiga magoti nikaweka sikio kwenye mbavu zake, nikangoja kusikia ile sauti. Haikuwepo. Pumzi ilikuwa fupi, lakini ilikuwa kavu. Hapo nikalia, nikalia vibaya, kamasi hadi kwenye koti lako. Kiprono alinishika bega akidhani namlilia Pendo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Ulikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Ukimkosea farasi, ukimkaza mkanda hadi ukamchubua au ukimdunga sindano vibaya, ulikuwa unasimama mbele ya uso wake, unavua kofia na kusema kwa sauti, "Nisamehe, nimekukosea." Baadaye ndipo ulikwenda kwa Madam. Kwanza aliyekosewa, kisha mwenyewe, yaani mwenye mnyama, ulituambia. Kiprono alikuwa akicheka hadi anashika mbavu. Leo mimi nimevua kofia.

Siku ulipotolewa hospitali, nesi alikuja kutueleza namna ya kukutunza. Mama alikuwa kwenye dirisha la dawa, kwa hivyo nilisikia peke yangu. Alisema ulishwe ukiwa umekaa wima, kijiko kidogo, kitu kizito kisicho cha majimaji. Akasema pia, na alinitazama machoni akilisema, kwamba ukikohoa ukimeza au sauti yako ikiwa na maji, tuache papo hapo na tukurudishe. Nikaitikia. Nikamkumbuka na yule ndama. Mama aliporudi nilimwambia yale ya kukaa wima na kijiko. Hilo la mwisho sikulisema. Alikuwa na furaha ya kukurudisha nyumbani, nikaona nitalisema tukishafika.

Mama aliomba likizo kule kwenye shamba la maua. Alikupikia uji wa wimbi wenye maziwa na njugu, akautia kwenye kikombe chako cha bati cha buluu, akakulisha kwa mikono ile iliyojaa alama za miiba ya waridi. Mlikuwa mkitazamana kama vijana. Sijawahi kuwaona hivyo. Siku ya tatu ukakohoa. Nilikuwa mlangoni nimeshika gambuti zako. Ukakohoa tena, na uliposema "asante" sauti ilikuwa na maji ndani yake. Mama akakupangusa kidevu, akacheka, akasema, "Polepole, mzee, hakuna anayekunyang'anya." Akachota kijiko kingine.

Nilifungua mdomo, Baba. Nakuapia nilifungua. Kilichotoka ni, "Mama, ameteleza kidogo, mwinue." Basi. Ningesemaje? Kwetu, mtu anayemzuilia mgonjwa chakula ni kama ameshaanza kuchimba kaburi. Na Mama hakuwa ametabasamu tangu siku ulipoanguka. Nikajiambia nitamwambia kesho. Na kesho yake nikajiambia vilevile.

Siku ya tano ukawa na homa. Mama alikuwa nje akihangaikia gari, nikalaza sikio langu kifuani pako. Nilisikia uji unatokota.

Ulikaa siku mbili, ukatuacha. Kwenye karatasi waliandika nimonia, na Mama anajua nimonia ni ugonjwa wa baridi, kwa hivyo analaumu baridi ya ziwa na ule mlango wetu usiofunga vizuri. Kwenye matanga Mama alimwambia kila aliyemshika mkono jambo moja. "Angalau hakuondoka na njaa," alisema. "Kikombe alikimaliza." Alilisema mara nyingi sana. Ndilo linalomwamsha asubuhi akaenda kazini.

Sauti niliyomfokea Kiprono nayo ilikuwa wapi? Hilo ndilo linalonitafuna. Kwa ajili ya farasi niliipata mara moja, mbele ya wageni, sikuogopa kuonekana mkorofi. Kwa ajili yako, kwenye chumba kimoja, hatua tatu kutoka kitandani, nilishika gambuti nikanyamaza. Nilijua. Mama hakujua, mimi nilijua. Nisamehe, nimekukosea.

Pendo alisimama Alhamisi. Kwanza aliinua kichwa kutoka kwenye robota, akatunyoshea masikio. Akajaribu kuinuka akakaa kama mbwa. Mara ya pili akaanguka ubavu, Kiprono akasema, "Mungu, tafadhali." Mara ya tatu akasimama, miguu ameitanua, anatetemeka mwili mzima. Niliweka maji kidogo kwenye karai nikamshikia. Nikatazama shingo yake. Funda likashuka, nikaliona likishuka lote, na puani hakikurudi kitu. Kiprono alipiga kelele hadi wafanyakazi wa jirani wakaja kwenye ua. Mimi nilikuwa na hasira. Nikuambie ukweli, nilimtazama Pendo nikasema moyoni, wewe umesimama, na yeye hakusimama. Kisha nikaenda kumletea nyasi laini.

Jioni hiyo nikamsimulia Mama. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo.

"Siku mbili nzima hamkumpa kitu?" akauliza. "Mnyama mgonjwa hivyo? Hata uji?"

"Hata maji, Mama. Daktari alikataa."

"Kwa nini akatae?"

Baba, neno lilifika kwenye meno. Kwanza aliyekosewa, kisha mwenyewe. Na mwenyewe alikuwa ameketi mbele yangu, kiganja kimejaa maharagwe, ananitazama kwa udadisi tu, bila shaka yoyote. Ndipo nikakumbuka sehemu ya kisa cha ndama niliyokuwa nimeisahau. Ijumaa ile yule mama alikuuliza nini kimemuua ndama wake, na chupa ya maziwa alikuwa bado ameishika. Wewe uliyekuwa ukikiri kwa Madam hata mikwaruzo ya farasi, ulimtazama ukamwambia, "Ni kupe, mama. Wewe umefanya yote." Kisha ukatembea hadi nyumbani bila kusema neno, nami nikadhani umenikasirikia.

"Ni kupe tu, Mama," nikasema. "Akimlaza mnyama, mnyama hataki chakula."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Afadhali baba yako. Yeye hamu ya kula alikuwa nayo mpaka mwisho."

Kwa hivyo sheria yako nimeitimiza nusu. Wewe nimekuambia. Mama hatalisikia kutoka kwangu, leo wala nikiwa mzee, na kama ni dhambi nitailipia mwenyewe.

Ahadi nyingine ni hizi. Jana nilimwambia Madam farasi washuke kutoka kwenye leleshwa. Alibisha, nikabisha zaidi, na kesho tunaanza kujenga uzio. Kila jioni napapasa masikio na mikia nimefumba macho, na sisuki singa kabla vidole havijapita. Na nikimwona tena kiumbe yeyote anakohoa kijiko kikiwa mdomoni, mnyama au mtu, nitapiga kelele, hata kama anayeshika kijiko ni mamangu.

Kupe wa Pendo bado wako kwenye chupa. Nitawachoma pamoja na barua hii, Mama asije akaiokota. Kikombe chako cha buluu kiko kwenye msumari palepale. Kila Jumamosi Mama hukiosha ingawa hakuna anayekitumia, kisha hunipa nikipanguse. Nami hukipangusa ndani na nje, nikamwambia, "Kimetakata, Mama," nikakirudisha msumarini.

Pumzika, Baba. Pendo anakula.

Binti yako,
Naliaka